Shahidi wa tatu: safari ya kuzifuata siri za Fragonard

Alhamisi, London

Makumbusho ya sanaa ya Wallace Collection yamo ndani ya Hertford House, jumba linalotazama bustani ya Manchester Square, na kuingia ni bure. Nilimwomba shangazi, mkazi wa miaka mingi wa jiji hili, anisindikize. Vyumba vya mapanga na deraya tulivipita bila kusimama, maana nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya picha moja: Bembea ya mchoraji Mfaransa Jean-Honoré Fragonard, iliyochorwa kati ya 1767 na 1768.

Ina kimo cha sentimita 81 na upana wa 64. Hii haikuchorwa itundikwe ukumbini ionwe na umati; ni picha ya chumba cha ndani, ya mtu kumwonyesha rafiki anayemwamini. Msichana mwenye gauni la waridi yuko juu ya bembea, bustani imemzunguka pande zote kwa majani ya kijani na buluu. Kiatu kimoja kimeshamchomoka na kinaruka hewani. Chini kushoto kijana amejilaza vichakani, mkono kaunyoosha, macho kayaelekeza pale ambapo adabu inamkataza kutazama. Upande wa kulia, gizani, mwanamume wa makamo anavuta kamba za bembea. Mbele yake mbwa mdogo mweupe anabweka. Na juu kushoto, sanamu ya mungu wa mapenzi wa Warumi, mtoto mwenye mabawa, imeweka kidole mdomoni.

Shangazi alitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema neno.

“Huyu mzee anajua, mwanangu. Anayevuta kamba huhisi uzito ukibadilika.”

“Labda haoni, shangazi. Yuko gizani.”

“Aliye gizani ndiye anayemwona vizuri aliye mwangani.”

Kisa cha picha hii kimo katika shajara ya mwandishi wa tamthilia Charles Collé, Oktoba 1767. Mchoraji Gabriel-François Doyen alimsimulia kwamba aliitwa na bwana mmoja wa jumba la mfalme, akamkuta yuko na hawara wake. Bwana akataka mwanamke huyo achorwe juu ya bembea, askofu akiisukuma, na yeye mwenyewe awekwe mahali atakapoweza kuiona miguu ya mrembo wake. Doyen wakati huo alikuwa akisifiwa Paris nzima kwa picha kubwa ya kanisani. Alipigwa na butwaa. Lakini alipopata pumzi akashauri viatu vya bibi viruke hewani, na vitoto vya mapenzi vividake. Kisha kazi yenyewe akaikataa, akamwelekeza mteja kwa Fragonard. Fragonard alimwondoa askofu, akaweka mtu wa kawaida, na kiatu akakiacha kimoja.

Collé hakuandika jina la bwana yule, wala la mwanamke. Mmiliki wa kwanza anayejulikana kwa hakika ni mkusanya kodi Ménage de Pressigny, aliyekatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na picha ikataifishwa. Kabla ya hapo, mwaka 1782, Nicolas de Launay alikuwa ameshaichonga kwenye bamba la shaba, nakala za karatasi zikauzwa, na yeyote mwenye fedha kidogo akaweza kuitundika kwake faragha ile ya watu wawili. Marquess wa nne wa Hertford aliinunua turubai yenyewe mwaka 1865. Mwaka 2021 ilisafishwa, vanishi kuukuu iliyogeuka manjano ikaondolewa, na leo waridi ya gauni lile inawaka ukutani.

Wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata. Katika picha hii kata ni nyingi: mzee, mbwa, sanamu. Nilitoka kwenye chumba kile nikiwa nimeamua jambo moja. Katika kila picha nitakayoiona njiani nitamtafuta kwanza shahidi, kisha ndipo niwatazame wapendanao.

Nilianzia hapo hapo. Kuna picha nyingine ya Fragonard, ndogo zaidi, ya miaka ya 1770: msichana anachonga herufi ya mpenzi wake kwenye gome la mti, barua iko chini miguuni pake. Mpenzi mwenyewe hayupo. Aliyepo ni mbwa wake, anamtazama. Kwangu hii inaishinda Bembea. Hakuna aliyeiagiza aibu ya msichana huyu ili aifurahie. Anayaandika mapenzi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa, London

Makumbusho ya Victoria and Albert yana picha ya mchoraji Mfaransa Jean-François de Troy ya mwaka 1723, ambayo jina lake linamsifu mlezi mwaminifu. Wapenzi wako bustanini. Mlezi wa msichana anawashtua kwamba kuna mtu anakuja. Nilikaa mbele yake nusu saa nikijiuliza uaminifu wa mama huyu ni kwa nani. Ameajiriwa na wazazi amlinde binti. Anachokifanya ni kuilinda siri ya binti dhidi ya wazazi. De Troy ameuona uhusiano ambao wachoraji wengi waliupita: mwanamke mfanyakazi ambaye kazi yake, riziki yake, na pengine jina lake jema, vyote vinategemea siri isiyo yake.

Katika makumbusho hayo hayo yumo Madame de Pompadour, kazi ya François Boucher ya 1758, amekaa nje na kitabu. Mapenzi yake na mfalme Louis XV hayakuwa siri kabisa. Mwaka 1745 alitambulishwa rasmi Versailles, kwenye jumba la mfalme, mbele ya malkia. Na hapa ndipo penye mzizi wa mambo haya yote. Ndoa za wakubwa wa Ufaransa zilifungwa kwa ajili ya ardhi, vyeo na mahari. Moyo ulitafutiwa mahali pengine. Louis XIV alipofariki mwaka 1715, watu wa jumba la mfalme waliondoka Versailles kwa miaka kadhaa wakarudi Paris, wakajenga nyumba za mjini zenye vyumba vidogo vya kupumzikia, vya kuandikia barua, vya kupokea mgeni mmoja. Vyumba vile havikuhitaji picha za vita. Vilihitaji picha za watu wawili. Mtindo tunaouita Rokoko, wa mistari iliyopinda na rangi nyepesi, ulilelewa na kuta hizo.

Jioni shangazi aliniuliza kama kuna mtu wetu aliyewahi kuitazama Bembea kwa jicho letu. Yupo Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Mwaka 2001 aliunda sanamu ya msichana yule kwa ukubwa wa mtu, juu ya bembea ya kweli, kiatu kikiruka. Kazi hiyo ni mali ya makumbusho ya Tate. Haikuwa ukumbini wiki hii, nikamwonyesha kwenye simu. Gauni ni la kitenge: kitambaa kilichoigwa na Waholanzi kutoka batiki za Indonesia, kikaja kuuzwa Afrika mpaka kikawa chetu. Msichana hana kichwa, ukumbusho wa gilotini, mashine ya kukatia vichwa, iliyokuwa ikiwasubiri matajiri wale. Na wale wanaume wawili Shonibare amewaondoa. Yule wa vichakani hayupo, mvuta kamba hayupo. Anayezunguka ukumbini akimtazama msichana chini ya gauni ni mimi na wewe.

Shangazi aliipokonya simu, akakikuza kitambaa kwa vidole. “Sasa huyu ningemjua mtaani,” akasema.

Jumamosi, njiani

Treni kutoka St Pancras, chini ya bahari, mpaka Gare du Nord. Saa mbili na ushei. Mvua upande wa Uingereza, jua upande wa Ufaransa. Nilifika, nikala, nikalala.

Jumapili, Paris

Baada ya misa ya asubuhi niliingia kanisa la Saint-Roch, mtaa wa Saint-Honoré, hatua chache tu kutoka makumbusho ya Louvre. Hakuna Rokoko ya mapenzi humu, lakini nilijua kuna watu watatu ninaowahitaji, na wote wako chini ya paa moja.

Wa kwanza ni Doyen. Ile picha iliyompa sifa mwaka 1767 bado iko hapa: Mtakatifu Genoveva anawaombea watu wa Paris walioshikwa na ugonjwa uliowaunguza viungo. Ni kubwa mno, watu wanajinyonganyonga, mama ameinua mikono, maiti ziko mtaroni. Huyu ndiye mtu aliyeombwa kuchora bembea ya askofu! Ukisimama mbele ya kazi hii unamwelewa. Alikuwa amechagua njia ya kuwa mchoraji mkubwa wa historia, na kazi ya hawara ingemchafulia njia.

Wa pili anamtazama uso kwa uso. Ni Joseph-Marie Vien, na Mtakatifu Denis wake akihubiri, picha tulivu, iliyonyooka, kila mtu amesimama kwa heshima. Picha hizi mbili zilionyeshwa pamoja katika maonyesho ya chuo cha kifalme mwaka ule ule wa 1767, watu wakabishana ipi bora. Vien atarudi katika safari hii, kwa sababu miaka michache baadaye yeye ndiye aliyechukua nafasi ya Fragonard katika nyumba ya mwanamke mashuhuri.

Wa tatu ni mchongaji Étienne-Maurice Falconet. Humu ndani yumo Kristo wake katika bustani ya Mizeituni. Sanamu iliyoweka kidole mdomoni katika Bembea ni nakala ya kazi nyingine ya Falconet huyu huyu, aliyomtengenezea Madame de Pompadour. Mkono ule ule ulimchonga Kristo anayeteseka peke yake bustanini, ukamchonga na mtoto wa mapenzi anayetuambia tunyamaze. Sikuwa nimefikiri kwamba ulimwengu wao ulikuwa mdogo kiasi hiki: padri, mfalme na hawara wakitumia fundi mmoja na barabara moja.

Jumatatu, Louvre

Niliwahi foleni. Nilianza na yule mtoto wa marumaru wa Falconet, wa mwaka 1757. Amekaa juu ya wingu, kidole cha mkono mmoja mdomoni. Katika Bembea hicho tu ndicho unachokiona. Hapa, ukimzunguka, unauona mkono wa pili ukichomoa mshale taratibu kutoka kwenye podo. Anakunyamazisha ili akupige. Kwa hiyo hata Fragonard aliyeinakili sanamu hii alijua kwamba shahidi wake si mtunza siri mwema.

Kwa Antoine Watteau nilipita nikiwa na haraka kuliko anavyostahili. Safari yake ya kisiwa cha Kythera, 1717, ndiyo iliyowapa wote waliofuata bustani yao: wapenzi wawili wawili wanashuka kilimani kuelekea mashua, sanamu ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, imevishwa maua, mwanamke mmoja anageuka kutazama nyuma kwa huzuni. Wataalamu wanabishana kama wanaelekea kisiwani au wanaondoka. Mimi nasema wanaondoka. Uso wa yule anayegeuka hauna jibu lingine. Watteau alikufa mwaka 1721, akiwa na miaka 36, kifua kikuu.

Kisha Le Verrou, yaani Komeo. Fragonard, mnamo 1777.

Nimekuwa nikiijua kwa miaka kupitia vitabu, na vitabu vinaidhulumu. Nusu nzima ya kushoto ni kitanda na mapazia mekundu, mazito, yanayomeza mwanga. Upande wa kulia, mwanga umemwagikia watu wawili. Mwanamume amevaa shati jeupe, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, na kwa ncha ya kidole cha mkono analisukuma komeo la mlango lifunge. Mkono wa pili umemzunguka mwanamke kiunoni. Mwanamke amevaa gauni la hariri rangi ya dhahabu, kichwa kimelala nyuma. Kiganja chake kimoja kiko usoni mwa mwanamume, kinamsukuma. Mkono wake mwingine umenyooka juu, kuelekea komeo.

Je, anataka kulifunga pamoja naye, au kulizuia lisifungwe? Watu wameandika kurasa nyingi wakijibu hivi na vile. Waandishi wa zamani walifurahia kusema kwamba anakataa huku akikubali, na kwamba ndivyo wanawake walivyo. Nawapinga kwa moyo wote. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikamtazama macho: yamelegea, hayamtazami mwanamume, hayatazami mlango. Kiganja kile kinasukuma. Fragonard alikuwa fundi. Angetaka kiganja kipapase, kingepapasa.

Nikamtafuta shahidi, kama nilivyojiahidi London. Mbwa hakuna. Sanamu hakuna. Mzee, mlezi, rafiki, hakuna. Kuna tunda la tufaha mezani karibu na kitanda, tunda la Hawa, na maua yaliyoanguka sakafuni. Picha zote nilizoziona kabla ya hii zina mtu au kitu kinachoona, na uwepo wa anayeona ndio unaofanya siri iwe mchezo. Mbwa akibweka, msichana anaweza kucheka na kukimbia. Mlezi akija, kuna pa kutokea. Hapa komeo likishaingia, hakuna. Faragha iliyowalinda wawili katika bustani sasa inamlinda mmoja tu.

Pembeni yake huwa wanataja picha nyingine, nami nikaitafuta: Wachungaji wakimwabudu mtoto Yesu, pia ya Fragonard, ambayo kama Komeo ilikuwa mali ya Marquis de Véri, mkusanya picha. Inasimuliwa kwamba Véri alikuwa nayo tayari, akamwomba Fragonard mwenziwe wa kuitundika sambamba, na Fragonard akamletea Komeo. Watu hueleza hilo kuwa ni upendo mtakatifu upande mmoja na upendo wa mwili upande wa pili. Sawa. Lakini mimi niliona jambo jingine. Picha ya kuzaliwa imejaa mashahidi: wachungaji wamepiga magoti, malaika wako juu, wote wanamtazama mama na mtoto, na mwanga unatoka kwa mtoto. Picha ya pili haina hata mmoja. Nadhani mchoraji aliyewahi kulipwa ili aweke mtu vichakani, aone asichopaswa kuona, alikuwa amelifikiria sana jicho linalotazama, akajua nini hutokea likiondolewa.

Nilikaa kwenye benchi mpaka miguu ikapata nguvu. Kikundi cha wanafunzi kilipita, mwalimu wao akawauliza swali lile lile la mkono. Msichana mmoja akajibu kwa sauti kubwa, bila kusita: “Anataka kutoka.” Nilitamani kumpigia makofi.

Jumanne, kuelekea kusini

Treni ya kasi mpaka Cannes, saa tano na zaidi, kisha treni ndogo inayopanda milima hadi Grasse. Njia nzima nilisoma habari za Madame du Barry.

Alikuwa hawara wa mwisho wa Louis XV. Huko Louveciennes, nje ya Paris, mbunifu Claude-Nicolas Ledoux alimjengea banda la anasa la kisasa, lililofunguliwa mwaka 1771, na Fragonard akapewa kazi ya kulipamba kwa picha nne kubwa, kila moja ikizidi mita 3 kwa kimo: hatua za mapenzi ya kijana na msichana. Alizimaliza, zikatundikwa, kisha akarudishiwa. Mahali pake akawekwa Vien, yule yule wa Saint-Roch, na mistari yake iliyonyooka.

Katika nyumba ya du Barry alikuwamo kijana aliyeitwa Zamor. Alitekwa Bengali, huko Bara Hindi, akiwa mtoto, akapitishwa Madagaska na wafanyabiashara wa watumwa, akafikishwa Ufaransa, akavishwa hariri na manyoya awe pambo la bibi. Du Barry alimdhania Mwafrika. Zamor alihudumu, alisikia, alisoma, na Mapinduzi yalipokuja akatoa ushahidi dhidi yake mahakamani. Du Barry alikatwa kichwa tarehe 8 Desemba 1793. Zamor aliishi mpaka 1820, akiwa maskini. Niliposoma hayo niliacha kutazama nje. Wachoraji waliweka mbwa na sanamu mahali pa shahidi, na mara chache mlezi. Nyumbani kwa wateja wao shahidi alikuwa mtu mwenye masikio na kumbukumbu, aliyeletwa kwa mnyororo.

Jumatano, Grasse

Fragonard alizaliwa hapa mwaka 1732, mtoto wa mtengeneza glavu. Mji ulianza na ngozi, ukaingia kwenye manukato ili ngozi isinuke, na manukato yakashinda. Jina lake limo kwenye chupa nyingi za dukani, kwa sababu kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1926 kilijiita Fragonard.

Nyumba ya binamu yake, Alexandre Maubert, sasa ni makumbusho. Mwaka 1790, Paris ikiwa imegeuka, Fragonard alizileta hapa zile turubai nne zilizokataliwa, akaongeza nyingine mpaka zikajaza chumba. Familia iliziuza mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1915 zikaingia mikononi mwa tajiri Henry Clay Frick, New York, ziliko mpaka leo. Hapa Grasse zimebaki nakala za Auguste de La Brély, nzuri za kutosha kumwonyesha mtu mpangilio wa chumba.

Katika moja kijana anapanda ngazi kuuvuka ukuta wa bustani, na msichana, badala ya kumtazama, ameugeuza uso pembeni: kuna mtu anakuja? Katika nyingine wanasoma barua zao za zamani, mbwa kando, sanamu ya Urafiki juu yao. Lakini iliyonishika ni ile ya kijana kuvishwa taji la maua. Chini, pembeni, amekaa mchoraji na karatasi yake, anawachora. Hajajificha, nao wamemruhusu. Baada ya mzee wa gizani na yule wa vichakani, huyu ni shahidi wa aina nyingine kabisa, anayefanya kazi yake mchana kweupe. Kama du Barry alikikataa chumba hiki kwa sababu ya mtindo uliopitwa, alipoteza kitu.

Katika makumbusho mengine ya mji nilikutana na mchoraji Marguerite Gérard. Naye ni wa Grasse, aliyezaliwa 1761. Dada yake alikuwa mke wa Fragonard. Marguerite aliwafuata Paris akiwa na miaka kama 14, akaishi nao katika makazi ya wasanii ndani ya Louvre, akajifunza kuchora kwa shemeji yake. Waandishi wa karne ya 19 waliamua kwamba lazima wawili hao walikuwa na mapenzi ya siri. Hakuna ushahidi. Walimtazama mwanamke mwenye kipaji karibu na mwanamume mashuhuri, wakamsukumia ndani ya Bembea.

Kazi zake ndizo nilizokaa nazo mpaka walinzi walipoanza kufunga madirisha. Hakuolewa. Baada ya Mapinduzi kuanza, maonyesho ya Louvre yalipofunguliwa kwa wanawake wote, alionyesha huko kwa miaka mingi, akauza, akaishi kwa brashi yake. Napoleon mwenyewe alimnunulia picha. Alichora sana wanawake wakiwa ndani ya nyumba, na barua, na watoto, na paka. Wanaosoma barua zake wanazisoma wakiwa na wanawake wenzao, vichwa vimegusana, na hakuna aliyejificha mahali popote kwenye chumba.